Kukataa kutiwa damu kwa sababu ya dini: semeni mapema, tena kwa maandishi

Kila Juni, tukijiandaa kwa Siku ya Wachangia Damu Duniani tarehe 14, maafisa wetu wa afya wa Malindi hurudi na maswali yaleyale ya dini. Safari hii yamekuja na malalamiko. Familia zinasema zilishinikizwa wodini, na wauguzi wanasema walizuiwa kumhudumia mgonjwa aliyekuwa hatarini. Maelezo haya si fatwa wala mahubiri.

Waislamu wengi hutusomea aya ya 173 ya Suratul Baqara, inayoharamisha mzoga, damu na nyama ya nguruwe. Basi isomwe hadi mwisho: aliyefikwa na dharura, pasi na kutamani wala kuvuka mpaka, hana dhambi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, tunamsubirisha dharura gani nyingine? Wengine huhofia kwamba damu ya mtu baki italeta undugu kama wa kunyonya, kesho watoto washindwe kuoana. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, lililiamua jambo hili mwaka 1989: damu haina hukumu ya maziwa. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, ila amuulize mimba ikiwa changa, si mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Kwa Mashahidi wa Yehova katazo ni nguzo ya imani. Hushika Mwanzo 9:4, Walawi 17 na Matendo 15:29, na kwao kujiepusha na damu ni pamoja na ile inayopitia mshipani. Makanisa mengine huyasoma maneno hayo kuwa amri ya chakula. Si kazi ya hospitali kuamua nani kasoma sawa. Mashahidi hukataa damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe za kugandisha damu na plazima, yaani majimaji ya damu. Vitu vinavyotolewa humo, kama protini iitwayo albumini, kila mmoja huamua kwa dhamiri yake. Kwa hivyo kusema "mimi ni Shahidi" hakutoshi, tuambieni mnakubali nini. Na tafadhali, wasichanganywe na wale wa msitu wa Shakahola. Kule watu walifungishwa kula hadi kufa. Mashahidi huja hospitali wakitaka matibabu, wakakataa kitu kimoja.

Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa. Daktari humweleza kwanza kiwango chake cha damu, hatari iliyopo na njia nyingine, kama dawa ya madini ya chuma au ya kupunguza uvujaji. Kisha mgonjwa hutia sahihi au kidole gumba, mtu anayeshuhudia hutia yake, tarehe na saa huandikwa, na fomu hubaki kwenye faili. Sahihi ni ya mgonjwa. Si ya mume, si ya mama mkwe, si ya mchungaji. Tunalisema hili kila kliniki na bado tunaambiwa "baba watoto hataki".

Kwa Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, mgonjwa asiyeweza kusema, ambaye hakuonyesha kabla kwamba anakataa, na kuchelewa kunaweza kumuua, hutibiwa. Kituo chenye uwezo kikiinyima dharura matibabu, faini yaweza kufika shilingi milioni 3.

Kwa mtoto, Kifungu cha 53(2) cha Katiba hutanguliza maslahi yake. Mzazi aweza kujikatalia mwenyewe, lakini si kumkatalia mtoto wa malaria aliyepauka viganja na anayehema kwa shida. Pakiwa na muda, afisa wa watoto huarifiwa na mahakama huombwa amri. Pasipo na muda, daktari hasubiri.

Liko jingine linalovishwa kanzu ya dini nalo si dini: hofu ya mumiani, wanaosemekana kuwanyonya watu damu. Damu haiuzwi, wala haipelekwi kwa majini. Kila mfuko una namba yake. Kando ya kitanda wahudumu wawili husoma kwa sauti jina la mgonjwa, namba na kundi la damu. Kimoja kisipolingana, mfuko hurudishwa. Ombeni kusimama karibu msikie.

Mjamzito mwenye kadi ya kukataa damu aje nayo kliniki siku ya kwanza, tungali na miezi ya kumwongezea damu kwa vidonge na kumpangia mahali pa kujifungulia penye daktari wa upasuaji. Anayetoka Faza, kisiwani Pate, ana bahari ya kuvuka kwanza, na uchungu haungoji boti.