Kuishi kwenye boti ya matanga Mombasa: yanayosemwa barazani na yaliyomo chomboni

Ukivuka daraja la Mtwapa ukatupa jicho majini, utaziona boti za matanga zimetia nanga, nyingine na nguo zimeanikwa. Swali la barazani huwa moja: kwani mtu hawezi kuuza kiwanja akahamia humo? Anaweza. Ila mengi yanayosemwa kuhusu maisha hayo humfanya mtu ajiandae kwa mambo siyo.

"Hayo ni mambo ya wazungu."

Hili halina mizizi. Mabaharia wa majahazi yetu walikula, wakalala na kuswali chomboni kwa miezi, wakishuka na kaskazi na kupanda na kusi. Jiko lao lilikuwa sanduku lenye mchanga, choo chao kisanduku kilichoning'inia tezi, yaani nyuma ya chombo. La choo tu ndilo lisilofaa kuigwa leo, hasa ndani ya mto ambao watu wanavua na kuogelea. Boti ya kuishi iwe na tangi la kuhifadhi uchafu.

"Nikihama nyumba ya kupanga nimeokoa kodi."

Kodi itakoma, matumizi hayakomi. Maji yetu ya joto huotesha mwani na viganda chini ya boti upesi ajabu, na mbao isiyotunzwa huliwa na wadudu watoboao mpaka ukaiona nzima kwa nje na tundu tupu kwa ndani. Kwa hiyo rangi ya chini hurudiwa kila baada ya muda, na kila rangi ina bei yake.

Hapo Mombasa ina neema yake. Siku za bamvua, mwezi uandamapo au ukipevuka, maji hupwa mpaka chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, jua limeshatoka. Wazee walikuwa wakikipweleza chombo mchangani, wakakikwangua, wakakipitisha moto wa makuti kuua wadudu, maji yakirudi kinaelea. Boti ya leo ya faiba haitaki moto, lakini kukwangua ni kule kule. Angalia mkuku tu, yaani uti wa chini ya boti: ukiwa mrefu, boti itahitaji miguu ya kuegemea au ukuta, la sivyo italala ubavu. Boti ya viwiliwili viwili vilivyounganishwa sambamba hukaa yenyewe.

"Nanga kubwa yatosha."

Bamvua la Mombasa hupandisha maji zaidi ya mita tatu. Chukua mtu aliyetia nanga saa nne asubuhi penye kina cha mita 3. Ameongeza mita 1 kutoka majini hadi omo, yaani mbele ya boti, akazidisha mara tano kama alivyofundishwa, akatoa mnyororo wa mita 20, akaridhika. Saa kumi jioni kina kimefika mita 6 na nusu. Ukiongeza ile moja ya omo ni 7 na nusu, na alipaswa kutoa kama mita 38. Nanga ni ile ile, ila sasa mnyororo unaivuta kwenda juu badala ya kuilaza, na upepo wa jioni ukikaza itang'oka. Hesabu hufanywa kwa maji kujaa, siku zote. Usiku washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, maana wavuvi wanapita.

"Cha kuogopa ni tufani."

Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na vimbunga si kawaida kufika huku, ingawa Hidaya mwaka 2024 kilifika hadi Mafia. Kusi ya mwezi wa saba ina nguvu, lakini haiji kwa kuvizia. Mimi ningeogopa mpira wa maji wa shilingi mia kadhaa unaounganisha koki ya tundu la boti lililo chini ya maji, uliochakaa bila mtu kuutazama. Kila koki ifungiwe kando yake kizibo cha mbao kilichochongwa ncha, ili mpira ukipasuka usiku usianze kutafuta.

Halafu gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja, fungua mlango itatoka. Kwenye boti inateremka hadi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kutulia huko huko iliko pampu ya umeme, na cheche moja inatosha. Mtungi ukae nje, kwenye kisanduku chenye tundu chini linalomwaga baharini.

"Maji na umeme ndiyo yatakayonishinda."

Aliyekulia Kisauni akioga kwa kopo na kununua mitungi ya mkokoteni yuko mbele ya wengi. Umeme nao ni hesabu: paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa, na kivuli cha mlingoti tu huipunguza sana. Friji ndiyo mlaji mkubwa. Anza bila friji.

"Humo ndani ni upepo mwanana mwaka mzima."

Januari, ndiyo. Kabla ya kuuza kiwanja, omba kulala kwenye boti ya mwenzio mwezi wa tano, masika yamepamba moto na madirisha yamefungwa. Asubuhi inua godoro. Chini yake utakuta majimaji, baada ya siku chache ukungu mweusi. Dawa ni kichanja cha mbao nyembamba chini ya godoro na feni ndogo inayozunguka kutwa, na hiyo feni iingize kwenye hesabu ya paneli.