Maigizo ya ridhaa si maigizo ya ovyo

Mchezo ukivurugika, taa zikiwaka mahali pasipo na mtu na mwigizaji akisahau maneno, utasikia watu wakitoka ukumbini wakisema: "Si ni wa ridhaa tu." Hapo neno limeonewa.

Maigizo ya ridhaa ni yale ambayo wanaoyaandaa, walio jukwaani na walio nyuma ya pazia, hawalipwi ujira. Basi. Neno halisemi mchezo ni mzuri au mbaya, wala halisemi mlangoni hakuna kiingilio. Kiingilio kinahitajika: ukumbi hukodiwa, mwenye mswada ana haki yake, maleba hushonwa, umeme hulipiwa.

Sasa tazama kundi linalozunguka shuleni likiigiza vitabu teule, yaani vile vya fasihi vinavyotahiniwa. Hilo hulipa waigizaji wake, kwa hiyo si la ridhaa hata likicheza vibaya. Waigizaji wanaoletwa sokoni Kongowea, hapa Mombasa, na shirika kuhamasisha watu kuhusu malaria nao huwa na posho, ingawa mtazamaji hakutoa hata shilingi. Jengo nalo halikuambii kitu. Jukwaa moja, hata la Little Theatre Club hapa mjini, laweza kupokea kundi la kulipwa wiki hii na la ridhaa wiki ijayo.

Ridhaa ikifanywa sawasawa ina nidhamu kali. Kamirithu, kule Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi waliigiza wenyewe, na mazoezi yalifanywa hadharani, wanakijiji wakiwasahihisha. Serikali ilifuta leseni ya mchezo wao mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Hakuna anayejisumbua kubomoa kazi ya ovyo.

Kinachoangusha makundi ya ridhaa ni saa. Waigizaji wana kazi zao, wengine za zamu bandarini, kwa hiyo mazoezi huwa jioni, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane. Wiki ya kwanza ni kusoma mmekaa. Kisha mwelekezi hupanga nani asimame wapi, na kufikia wiki ya nne mswada hutoka mikononi. Feri ya Likoni ikikwama, wawili hawapo, na waliobaki huzoea kuzungumza na hewa. Siku ya onyesho wanashtuka mwenzao akijibu. Dawa yake ni msimamizi wa jukwaa kusoma sehemu ya asiyekuwepo, kwa sauti, akisimama palepale pa mhusika.

Jambo la pili ni sauti. Kwa joto letu mapangaboi hayazimwi, na yanameza maneno. Fanyeni zoezi moja yakizunguka yote, mtu akiwa amekaa safu ya mwisho; neno asilolisikia lirudiwe. Tatu ni chumvi ya bahari: hula viunganishi vya taa, zikaanza kupepesa katikati ya onyesho. Umeme ukiwa umezimwa kabisa, fundi wa taa avifungue na kuvisugua siku kadhaa kabla, si jioni ya onyesho.

Kundi lililoruka haya likaharibu, liambiwe halikufanya mazoezi ya kutosha. Na anayeandika bango la kundi la ridhaa asiogope kutaja bei ya tiketi.