Sauti imekauka na shughuli ni Jumamosi: maswali ya waimbaji wa Mtwara na Lindi

Mimi ni muuguzi mjini Mtwara na nimeimba kwaya tangu usichana wangu. Kila msimu wa korosho unapofunguliwa na pesa kuanza kutembea, harusi na ngoma zinafuatana, na waimbaji wanaanza kunijia wameshika koo. Haya ndiyo wanayoniuliza zaidi.

Nimeimba usiku kucha kwenye shughuli ya kumtoa mwali, asubuhi sauti haitoki. Kesho kutwa nina kazi nyingine. Ninywe nini?

Pole sana, dada yangu. Hakuna cha kunywa kitakachoirudisha kwa siku mbili. Ndani ya zoloto, pale unapopapasa kidude kigumu mbele ya shingo, kuna nyuzi mbili za sauti, fupi kuliko ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mwanamke akiongea kawaida, zinagongana kama mara 200 kwa sekunde. Akipanda juu kwenye kiitikio, zinavuka 500. Sasa hesabu usiku mzima, ukiongeza vigelegele na kupiga kelele kushindana na spika. Nyuzi zimevimba, na kilichovimba hakikutani vizuri, kwa hiyo hewa inavuja na sauti inakwaruza.

Dawa yake ni kunyamaza. Usinong'one pia, maana kunong'ona kwa nguvu kunazibana nyuzi hizo hizo. Andika kwenye simu, lala, jifukize mvuke wa maji ya moto yasiyo na kitu, ukikaa mbali kidogo usije ukaungua. Na ile kazi ya kesho kutwa, mtafutie mwenye shughuli mwimbaji mwingine leo hii.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja niliimba mkesha wa Pasaka sauti ikiwa imekauka, nikaona aibu kumwambia mwalimu wa kwaya. Kwenye noti ya juu ilitoka hewa tupu, kama pampu ya baiskeli, nami nikasukuma zaidi. Nilikaa zaidi ya miezi miwili bila kuweza kuimba sauti ya kwanza.

Mayai mabichi, tangawizi na limao vinasaidia?

Chochote unachomeza kinapita njia ya chakula na hakigusi nyuzi za sauti. Tangawizi ya uvuguvugu na asali vinatuliza koo, tumia. Limao likikuletea kiungulia, acha. Mayai mabichi yanaweza kukuletea kuhara na homa, na sauti hayaiongezei kitu. Uraka, ile pombe ya mabibo, ndio uache kabisa siku ya kazi, kwa sababu pombe inakuondolea kuhisi maumivu, ukaimba juu ya kidonda.

Huku Newala maji ni ya kununua. Ni lazima ninywe mengi?

Kunywa kidogo kidogo kuanzia asubuhi, mpaka mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu. Chupa nzima dakika tano kabla ya kupanda jukwaani haikusaidii, kwani maji yanafika kwenye nyuzi kwa kupitia damu, na hilo linachukua saa kadhaa. Bajeti ya maji ikiwa ndogo, anza na ya kunywa.

Nipashe sauti vipi kabla ya kuimba?

Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linahitaji mrija na glasi tu. Jaza maji nusu glasi, zamisha mrija kiasi cha upana wa vidole viwili, kisha guna "uuu" kupitia mrija huo. Maji yabubujike taratibu, mapovu yafuatane sawasawa. Yakiruka nje, unasukuma pumzi mno. Yakikatika, pumzi haiji kwa mpangilio. Ukishayatuliza, panda na kushuka kama king'ora, polepole, dakika tano. Maji yanarudisha msukumo wa hewa kidogo, na nyuzi zinagusana kwa upole badala ya kupigana. Fanya hivyo pia baada ya kuimba.

Mkono mmoja uweke tumboni. Ukivuta pumzi tumbo na mbavu zitanuke, mabega yatulie. Mabega yakipanda, koo ndilo litakalobeba mzigo.

Mimi ni mkulima wa Tandahimba. Nikipulizia mikorosho salfa, jioni koo linawasha.

Vumbi la salfa linachoma macho na njia ya hewa. Vaa barakoa na miwani, simama upande unaotoka upepo, oga ukirudi. Jioni hiyo usifanye mazoezi ya kwaya.

Lini niende hospitali?

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku au unakonda, pima kifua kikuu. Vituo vya umma hupima na kutibu bure, na kifua kikuu kinaweza kushika hata zoloto. Ukitema damu, ukishindwa kumeza au ukiona uvimbe shingoni, usisubiri wiki tatu. Pumzi ikibana au ikipiga filimbi, ni dharura, nenda saa hiyo hiyo. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, acha papo hapo, maana huenda mshipa mdogo umepasuka. Ndicho kilichompata mwimbaji Adele wa Uingereza: damu ilivujia kwenye nyuzi, akafuta ziara yake mwaka 2011 na kufanyiwa upasuaji Boston. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, naye ataziangalia nyuzi kwa kamera. Vinundu vya waimbaji, yaani vijivimbe vidogo kwenye nyuzi, mara nyingi hupungua kwa mapumziko na mazoezi bila kisu.

Nataka kuishi kwa kuimba. Nianzie wapi?

Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na nyimbo zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kisha panga kalenda kama mkulima anavyopanga shamba. Kabla ya kupokea malipo ya awali, patana saa ya kuanza na ya kumaliza, mapumziko, na spika inayokuelekea wewe ujisikie, kwani asiyejisikia hupiga kelele. Ki, yaani ufunguo wa wimbo, ikiwa juu kwako, mwambie mpiga kinanda aishushe. Wako wanaoona kushusha ni udhaifu. Mimi naona ndiko kunakomfanya mwimbaji aimbe miaka 30. Na kama mchana unauza samaki kwa kunadi, jua kwamba koo halitofautishi kunadi na kuimba.

Mwanangu ana miaka 13, sauti inamvunjika. Aache kwaya?

Hapana, mama. Zoloto lake linakua. Mshushe taratibu kutoka sauti ya kwanza, aimbe zile noti zinazotoka bila kusukuma, na muulize kila wiki zimefika wapi.