Karani wa mahakama si katibu wa jaji

Wengi hudhani karani wa mahakama ya kaunti kule Marekani ni msaidizi wa jaji, na kwamba ukimwendea kwa upole atakudokeza kesi yako imekaaje. Sivyo. Florida, kwa mfano, ina kaunti 67, na karani wa kila moja huchaguliwa na wapigakura kwa miaka 4. Si jaji anayemwajiri. Kwenye kaunta yake nyaraka hugongwa mhuri wa tarehe, ada na faini hulipwa, majalada hutunzwa. Hapohapo wachumba huchukua kibali cha ndoa. Ukiuliza, "Nijibuje madai haya?" utapewa fomu, basi, ushauri wa sheria haruhusiwi kuutoa. Wengine huona huo ni ukali. Lakini mpinzani wako naye yuko foleni ileile, nyuma yako.