Chumba cha bei chee Asia: yanayosemwa na yalivyo

Chumba kikiuzwa nusu ya bei ya jirani yake, mjini Hanoi au Osaka, kuna kitu kimeondolewa. Huenda ni dirisha, kufuli, kiyoyozi, taulo au faragha. Usafi nao huweza kuondolewa, lakini mara nyingi si wenyewe ulioguswa. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni hilo tu: hapa wametoa nini? Dhana nyingi kuhusu gesti na hosteli za Asia huzaliwa kwa kutouliza.

"Pa bei chee ni pachafu, na pachafu pana kunguni"

Kunguni hafuati uchafu. Anafuata joto la mwili na damu, na husafiri ndani ya mabegi ya wageni, kwa hiyo hoteli ya kifahari humpata vilevile. Kinachoongeza hatari ni idadi ya wageni wanaopishana kwenye kitanda kimoja, na ndiyo maana vyumba vya bweni huwa na kesi nyingi hata pale panaponukia sabuni.

Ukaguzi huchukua dakika tano, na hufanywa kabla ya kufungua begi. Liache begi bafuni juu ya vigae, kamwe si kitandani. Washa tochi ya simu, vua shuka kwenye kona mbili za upande wa kichwa, kisha fuata mshono wa godoro kwa kidole. Angalia pia nyufa za ubao wa kitanda na mashimo ya skrubu. Kunguni mzima ana urefu wa kama milimita 5 na ni bapa kabla hajanyonya, lakini mara nyingi hutamwona mwenyewe. Utaona vidoa vyeusi vya kinyesi chake. Ukivipangusa kwa kitambaa chenye maji vinasambaa kama wino. Ukivikuta, usikubali chumba cha jirani wala cha juu au chini yake, maana wanapita kwenye nyufa na njia za nyaya. Na kama umeshalala nao, nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zizungushwe kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali nusu saa. Kuanika juani peke yake hakutoshi. Faraja ni moja: kunguni hajulikani kuambukiza magonjwa, anawasha tu.

Harufu ya ukungu ni jambo jingine kabisa. Nyumba za mji mkongwe wa Hanoi ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, hivyo vyumba vya katikati havina dirisha, na ndivyo vinavyouzwa rahisi. Unyevu hauna pa kutokea. Pazia kwenye picha si ushahidi wa dirisha. Wengine huning'iniza pazia ukutani. Soma maelezo ya chumba, na kama hayataji dirisha, chukulia halipo. Chumba cha juu kabisa huwa na hewa, ila lifti nayo huenda haipo.

"Hosteli ni ya wanachuo"

Dar au Nairobi, ndiyo. Ukiwa Bangkok, hosteli ni ya yeyote anayelipa. Chache huweka kikomo cha umri na hukiandika. Bei ni ya kitanda, si ya chumba, kwa hiyo watu wawili hulipa mara mbili, na wakati mwingine chumba cha wawili kwenye gesti ya jirani huwa rahisi zaidi. Piga hesabu kwanza.

Jambo linalowashtua wengi: bweni lisiloandikwa kuwa la wanawake kwa kawaida ni mchanganyiko. Wanaume na wanawake hulala chumba kimoja, kwenye dabo deka, kitanda cha juu na cha chini bila kubagua. Anayetaka la wanawake alichague wakati wa kuweka nafasi, sio mapokezi, kwa sababu ndilo hujaa mapema.

Kabati la mizigo lipo, kufuli huna. Beba lako, na lisiwe lile nene la mlango wa duka. Matundu ya kabati hizo ni madogo, pete ya milimita 5 au pungufu ndiyo hupita. Kabati nyingi hazimezi sanduku la magurudumu, hivyo weka vya thamani ndani, sanduku libaki nje limefungwa.

"Hoteli ni hoteli"

Mtu wa Pwani anapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, kwa kuwa kwetu pia mtu huenda hotelini kunywa chai na maandazi. India Kusini ubao ulioandikwa "Hotel" mara nyingi ni mgahawa usio na hata kitanda kimoja. Pa kulala huandikwa "Lodge". Baadhi ya loji hizo huhesabu saa 24 tangu ulipoingia: ukifika saa tatu usiku, unatoka saa tatu usiku kesho yake. Uliza, ni faida kubwa kwa anayefika na treni ya jioni. Kiyoyozi unachokiona ukutani huenda hakimo kwenye bei. Rimoti hubaki mapokezi mpaka uongeze pesa. Maji ya moto yana swichi yake, mara nyingi nje ya mlango wa bafu. Iwashe, subiri dakika 15 hadi 20, halafu ujaze ndoo.

"Kapsuli ya Japani ni chumba kidogo"

Ni kitanda chenye kuta. Hoteli ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, ikibuniwa na msanifu Kisho Kurokawa, na umbo halijabadilika sana: urefu wa kama mita 2, upana wa mita 1, mlangoni pazia. Kufuli haliwekwi, kwa kuwa kikanuni kapsuli si chumba bali ni sehemu ya ukumbi wa pamoja. Mali inakaa kwenye kabati la nje, viatu kwenye kabati la mlangoni. Wanaume na wanawake hutenganishwa kwa ghorofa, na baadhi hazipokei wanawake kabisa.

Kinachowakwaza wageni ni hiki: hata ukilipia siku tatu, nyingi zitakutaka utoke kila siku kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri ili wafanye usafi. Anayetaka kulala mchana baada ya ndege ndefu asiende huko. Na umeme wa Japani ni volti 100. Chaja ya simu haina shida, lakini pasi uliyobeba kutoka nyumbani haitapata moto wa kutosha.

"Nikiwa na anwani ya jengo, nimefika"

Chungking Mansions, Nathan Road, Hong Kong, inafahamika kwa wafanyabiashara wetu wengi. Jengo la mwaka 1961, ghorofa 17, lina vitalu vitano kuanzia A hadi E, kila kimoja na lifti zake ndogo, na gesti kadhaa katika kila kitalu. Majina yanafanana. Andika herufi ya kitalu, ghorofa na jina kamili kabla ya kushuka kwenye basi. Mlangoni kuna wapiga debe watakaosema "hiyo unayoitafuta ni yangu" au "imefungwa"; pita, panda lifti, kahakikishe mwenyewe. Gesti halali hubandika leseni yake mahali pa kuonekana.

"Wakiomba pasipoti wanataka kukuibia"

Kuiomba ni sheria. India mwenye nyumba hujaza fomu ya mgeni na kuiwasilisha serikalini ndani ya saa 24. China muda ni huohuo, na hoteli hufanya usajili yenyewe. Tatizo la China huja unapoacha hoteli: ukilala kwa ndugu au rafiki, mathalani mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, ni juu yako na mwenyeji wako kujisajili polisi ndani ya saa 24. Kutojisajili kunaweza kukugharimu faini ya hadi yuan 2,000.

Kuiomba ni tofauti na kuikalia. Vietnam baadhi ya gesti hupenda kubaki nayo mpaka unapoondoka, hasa kama dhamana ya malipo. Lipa yote mwanzoni, mwache mpokeaji aipige picha, simama hapohapo mpaka akurudishie. Kama ni dhamana wanayotaka, toa fedha taslimu na uchukue stakabadhi. Pasipoti isiwe amana ya ufunguo wala ya pikipiki.

"Bei niliyoiona ndiyo nitakayolipa"

Alama ++ baada ya bei ina maana huduma na kodi bado hazijajumlishwa. Singapore huduma ni asilimia 10 na kodi ni asilimia 9 juu ya jumla hiyo, kwa hiyo chumba cha dola 100++ kinafika dola 119.90. Malaysia, tangu Septemba 2017, mgeni asiye raia hulipa ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, kwa kawaida mapokezi. Kwenye chumba cha ringgit 60 hiyo si pesa ndogo. Angalia risiti usije ukalipa mara mbili.

"Nafika tarehe 11, naweka nafasi ya tarehe 11"

Hapa Kiswahili chenyewe hututega. Ndege ikitua Bangkok saa saba na nusu usiku, sisi tunauita usiku wa kuamkia tarehe 11, na kidole kinabonyeza 11. Hoteli huanza kupokea wageni wa tarehe 11 saa nane mchana. Utafika saa tisa alfajiri na kukaa kwenye kiti saa 11 nzima. Usiku unaouhitaji ni wa tarehe 10, na lazima uwaandikie kwamba utaingia baada ya saa sita usiku, la sivyo wanaweza kukuhesabu hukutokea na kumpa mwingine chumba.

Mwisho wa kufuta nafasi bila kulipa nao mara nyingi hufuata saa za hotelini. Bangkok iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 4, Tokyo kwa saa 6. Kama hoteli ya Tokyo imekupa mpaka 23:59, ukiwa Dar una mpaka saa kumi na mbili jioni kasoro dakika moja.