Kuroweka nyama ni nini, na kwa nini kitimoto huhitaji chumvi mapema

Kuroweka nyama ni kuiacha mbichi kwa muda ndani ya chumvi, kitu kichachu na viungo kabla haijaona moto. Siku hizi wengi husema kumarineti, na ni jambo lile lile.

Wapishi wengi huamini kwamba nyama ikilala usiku kucha, kitunguu saumu na tangawizi huzama mpaka katikati. Havizami. Ladha yake huishia milimita chache tu kutoka juu. Kinachosafiri hadi ndani ni chumvi. Kwanza huvuta maji ya nyama, ndiyo maana baada ya nusu saa unakuta bakuli limetota. Kisha maji hayo yenye chumvi hunywewa tena taratibu, na protini za nyama zikaweza kuyashikilia hata zikikutana na joto. Kwa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hili ni kubwa, kwa sababu mnofu wa mgongoni hauna mafuta mengi na hukauka upesi jikoni. Kwa kilo moja ya mnofu zinatosha gramu 15 za chumvi, yaani kama vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi laini. Kipande kikubwa kipake tangu jana yake kikalale kwenye friji. Vipande vya mishikaki, saa mbili tatu zinatosha.

Ndimu na siki ni kinyume chake. Ukali wake hufanya kazi juu tu, na ukizidisha muda nyama inakuwa ya ungaunga nje huku ndani iko vile vile. Mimi huzitia nusu saa ya mwisho. Papai bichi lina nguvu zaidi, kwani lina kimeng'enya cha papaini kinachokata protini. Linafaa nyama ngumu ya mnyama mzee. Nguruwe mchanga halihitaji kabisa.

Kabla ya kuweka nyama kwenye wavu, ifute majimaji na vipande vya kitunguu saumu, maana vitaungua na kuwa vichungu. Sukuma makaa upande mmoja wa jiko: nyama ipate rangi juu ya makaa, halafu uihamishie upande usio na moto iive polepole. Mafuta ya nguruwe yakidondokea makaa huwasha ndimi za moto, na ukikosa pa kuikimbizia nyama utapata masizi. Kama unapenda asali, ipake dakika za mwisho.

Sasa lililo zito kuliko yote: kuroweka si kupika. Ndimu, siki na pilipili, hata ziwe nyingi vipi, usizitegemee kuua tegu wa nguruwe. Nyama yenye vifuko vyeupe vya tegu, kama punje za mchele, usiinunue, hata kama ni bei ya kutupa. Iliyo safi nayo ichome mpaka katikati, isibaki ubichi hata karibu na mfupa. Mwenye kipimajoto aifikishe nyuzi 71. Na yale majimaji yaliyobaki bakulini yamekaa na nyama mbichi, kwa hiyo ukitaka kuyapaka juu ya nyama iliyoiva au kuyafanya rojo la kuchovea, yachemshe kwanza hadi yatokote.