Huduma ya majibu kwa meseji ni nini?

Ni huduma inayomwezesha mtu kuuliza swali kwa ujumbe mfupi wa simu na kujibiwa kwa njia hiyohiyo, bila intaneti. Swali hutumwa kwenye namba fupi, mara nyingi ya tarakimu tano. Kitochi kinatosha, na hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi kwa wakulima wa machungwa Muheza, vitochi bado wanavyo wengi.

Jambo kubwa ni kujua nani anajibu. Kuna huduma ambazo nyuma yake wamekaa watu. Uingereza, mwaka 2004, ilianza AQA: uliuliza chochote kwenye namba 63336, mtu akatafuta jibu, nawe ukakatwa pauni moja. Marekani walikuwa na ChaCha, iliyofungwa mwaka 2016.

Nyingine hujibiwa na mashine, na hizi ndizo tulizozizoea zaidi. Mfano ni m4RH, huduma ya uzazi wa mpango iliyoanzia Kenya na Tanzania. Unatuma neno, inakuja orodha ya mada, unachagua namba ya mada yako, maelezo yanakufikia. Mashine ya namna hii haisomi swali, inatafuta neno inalolijua. Dada wa Pangani akiandika “nimesahau kidonge jana usiku nifanyeje”, anaweza kurudishiwa orodha ileile ya mwanzo. Maelezo yaliyomo yawe sahihi kiasi gani, yeye bado hajajibiwa. Ndiyo maana naona kila huduma ya afya ingepaswa kumalizia orodha yake na namba ya muuguzi wa kupigiwa.

Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, ni ndugu wa karibu wa m4RH: mjamzito alituma neno “mtoto” kwenda 15001, bure, akaanza kupokea ushauri kulingana na umri wa mimba. Hapo jibu linamfuata mtu hata kabla hajauliza.

Uzuri wa meseji ni kwamba inajua kusubiri. Hufikia kwanza kituo cha kampuni ya simu na kutunzwa hapo kwa muda. Aliye Amani, milimani, simu ikiwa imezima au mtandao umekata, atalipata jibu lake baadaye. Ila nafasi ni finyu: herufi 160 kwa meseji moja, na ukiweka kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka zinashuka hadi 70.

Kabla ya kutuma neno, ulizia kama ni bure, au unalipia kila jibu, au unajiunga na kukatwa salio kila siku. Na kama simu mnaitumia wawili watatu nyumbani, kumbuka jibu litaingia wazi kwa yeyote atakayeishika. Kwa maswali ya uzazi au virusi vya Ukimwi, ni bora kutumia laini yako mwenyewe, na kufuta meseji zote mbili, uliyotuma na uliyopokea.